"See Off" Kama Ninavyoijua Mimi

Mumbua mwanangu,

Kabla hujasoma mbali, ujue kwanza barua hii imeandikwa na nani. Imeandikwa na mtu aliyewaondoa Wazungu Kenya. Wengine watakuambia ni siasa, wengine watakuambia ni msitu na bunduki. Sawa, siwapingi, kila mtu na kazi yake. Lakini siku Mzungu alipofunga sanduku, akavaa kofia na kusema sasa naenda, ni nani aliyemfikisha Embakasi? Ni mimi mjomba wako Musyoka. Kwa miaka sita, kutoka Kitisuru mpaka kiwanja cha ndege, niliwapeleka mmoja mmoja na wawili wawili, wanene kwa wembamba, na hakuna hata mmoja aliyeachwa na ndege. Kama ningelala siku moja tu, labda yuko Mzungu ambaye mpaka leo angekuwa amekaa kwenye veranda yake akingoja gari.

Ninaandika nikiwa nyuma ya bucha, hapa sokoni Dagoretti, juu ya meza ya kukatia mifupa, ambayo nimeipangusa. Ni saa nane mchana, wateja wamepungua. Wewe uko nyumbani na mama yako mnapanga nguo, na kesho saa nne asubuhi ndege inakupeleka Uingereza kusomea uuguzi. Jioni hii nitaiweka barua juu ya sanduku lako. Isome leo leo. Usiiweke ukaisome ndani ya ndege, maana huko haitakuwa na faida tena, na sababu utaiona.

Tangu Jumapili umeniuliza mara tatu: "Mjomba, gari itakuja saa ngapi?" Mara ya kwanza nikakwambia gari ni gari, halina haraka. Mara ya pili nikajifanya nakohoa. Jana umeniuliza mbele ya mama yako, naye akainua macho kutoka kwenye pasi akasema, "Muulize tena, hajasikia." Nikatoka nje kwenda kuangalia kuku. Mumbua, sisi hatuna kuku.

Swali lako nitalijibu. Lakini sijui kujibu swali bila kupita njia ndefu, wewe unanijua. Mambo ya sweta, ya chai, ya kuandika nyumbani kila mwezi, hayo mama yako ameshayasema na atayasema tena. Mimi nitakueleza neno moja tu la Kiingereza, kwa sababu katika Kiingereza chote hilo ndilo ninalolijua kuwashinda walimu wako. Neno lenyewe ni see off.

Pale Kitisuru nilifanya kazi kwa mjane wa Kizungu ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Memsahib, basi. Alikuwa na nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu, bustani iliyoteremka mpaka mtoni, gari jeusi refu, na mbwa mmoja mkubwa wa rangi ya chai, jina lake Rex. Wafanyakazi tulikuwa wanne, pamoja na Kilonzo, mtu wa kwetu Machakos, mkimya kama gunia la maharagwe.

Asubuhi moja Memsahib akaja jikoni akasema leo tunakwenda ku-see off dada yake. See nilijua ni kuona, maana nilifika darasa la nne. Off nilikuwa nimeiona kwenye jiko la stima, pale unapozungusha kile kidude moto unazima. Nikajumlisha. Nikaenda nikaangalia jiko, nikarudi nikapiga saluti: "Yes Memsahib, off." Kilonzo alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, na huyo ni mtu ambaye sikuwa nimewahi kuona meno yake.

Wiki ile ile nikakosea tena. Sasa nilikuwa nimeshika kwamba neno linahusu wageni na magari. Akaja bwana mmoja mwekundu, amealikwa chakula cha mchana. Nikamfungulia mlango wa gari lake, nikainama kidogo, nikamwambia nimekuja ku-see him off. Yule bwana akatazama saa yake, akamtazama Memsahib, akauliza kama amekosea siku. Alipokwisha kula na kuondoka, Memsahib akaniita kwenye veranda.

"Musyoka, anayekuja humwambii hivyo," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Hii ni ya mtu anakwenda. Tena mtu hutaki aende."

"Na kama nataka aende, Memsahib?"

"Basi unafunga mlango tu."

Akanifundisha matumizi yake, nami nakupa bure. Ukimuaga mtu mlangoni ukarudi kwenye kikombe chako, hiyo si see off, hiyo ni goodbye tu. Ukipanda naye mkafika wote anakokwenda, hiyo pia siyo, hiyo ni safari yako. See off ni kwenda naye mpaka pale kinapopandwa chombo, gari moshi au ndege au basi, halafu yeye apande, wewe ubaki. Lazima awepo wa kubaki. Nikamuuliza, unabaki mpaka lini? Akasema mpaka usimwone tena.

Niliona ni kitu kidogo. Kwetu tunasindikiza watu tangu zamani, nani wa kutufundisha? Mgeni akitaka kwenda, unamchukulia mzigo wake. Hawezi kuondoka kwako amebeba mzigo mwenyewe kama mtu aliyefukuzwa. Unaubeba mpaka njia panda, mkiongea, na mkifika hapo anasema, "Basi rudini." Wewe unasema, "Bado kidogo." Mnakwenda bado kidogo. Halafu unampa mzigo wake mkononi, na ule mzigo ukitoka kwako ukaingia kwake, hiyo ndiyo kwaheri. Hakuna kupunga mkono, hakuna leso. Unageuka unaenda zako, na jioni haijafika umeshasahau alivaa nini.

Tofauti iko hapo, na ilinichukua miaka kuiona. Sisi tunamaliza kwa kukabidhi mzigo. Wao wanamaliza kwa macho.

Kule Embakasi kulikuwa na roshani ya kupungia, juu, watu wamejipanga kwenye reli. Niliwaona wa kila aina. Wengine walipunga mikono mara tatu wakaanza kutafuta funguo zao. Wengine waliipungia ndege ambayo haikuwa yenyewe. Ukoo mzima kutoka mashambani, na ngoma juu, waliipungia ndege ya mizigo iliyojaa vifaranga, na mtu wao akiwa bado ndani anapimwa sanduku. Lakini Memsahib alisimama kila mara mahali pamoja, mkono juu ya nyusi. Ndege iliruka, ikawa kama mwewe, ikawa kama nzi, ikawa hakuna. Hata ikishakuwa hakuna, yeye alikuwa bado amesimama. Ndipo alisema, "Sasa," tukarudi kwenye gari.

Na sharti lake lilikuwa nyumba nzima iende kumsindikiza mgeni, pamoja na mbwa. Alisema Rex naye ni mtu wa nyumbani. Mbwa huyo hakupenda barabara. Tukifika mzunguko wa Westlands alianza kumeza mate, na tukifika mjini ulitakiwa kumgeuza kichwa dirishani na kumshika taya namna fulani, kidole gumba chini ya sikio, ama sivyo chakula cha asubuhi kilirudi chote. Najua kumshika mbwa taya kuliko mtu yeyote Nairobi. Hilo nakwambia bila chumvi.

Marafiki zake wakaisha. Kila mwezi tulipeleka mmoja, wakaisha kama sabuni. Mwisho akabaki yeye, na hakukuwa na Mzungu wa kumsindikiza. Siku hiyo tulikwenda Kilonzo, mimi, na Rex. Pale langoni akatushika mikono, akamshika Rex masikio, akanitazama akasema, "Musyoka, usirudi haraka." Sikurudi haraka. Nilisimama kwenye ile reli mpaka ndege ikawa nzi, mpaka ikawa hakuna, na bado nikasimama. Mlinzi akaja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana, ninamaliza.

Nakusimulia hili uone kwamba nilijua. Nilijua neno, nilijua maana, nilijua mtu anasimama wapi na mpaka lini. Miezi mitano baadaye ikaja zamu ya mama yako.

Ulikuwa na miaka sita. Baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama yako alipata kazi Mombasa, kulea watoto wa familia moja ya wenye duka, na tukakubaliana wewe ubaki nami. Basi lilikuwa la saa tatu asubuhi, kutoka River Road. Tulitembea watatu kutoka kituo cha mabasi ya mjini, na mimi, kwa desturi yetu, nilimchukulia mzigo wake. Ulikuwa mmoja tu, kile kiondo cha mistari miekundu na kahawia. Ndani yake mlikuwa na nguo zake zote, na sahani moja.

Tulipokaribia, mama yako Nzilani akasema, "Musyoka, watu ni wengi. Nitangulie nishike kiti cha dirishani, ili nimwone Mumbua. Njoo naye polepole, usikawie."

"Mimi nikawie? Mimi niliyepeleka nusu ya Ulaya?"

"Ndiyo wewe," akasema, akaenda.

Sasa pale kulikuwa na hoteli ya chai, jirani na duka la misumari na mabati. Ndani walikaa makarani watatu kutoka kiwanda cha kuchapa kilichokuwa ghorofani, vijana wa tai. Mmoja alinijua. "Aa, Bwana Kitisuru! Ingia utuambie, ni kweli Mzungu wako amekwenda?" Nikaingia. Nikakukalisha kwenye benchi, nikakununulia andazi. Nikasema nitakaa dakika mbili.

Mumbua, niliongea. Niliwaambia namna rubani alivyonipandisha juu nimshikie usukani akifunga kiatu. Niliwaambia namna Memsahib alivyolia akitaka kuniandikia nyumba. Wakacheka, wakaagiza chai nyingine, yule mwenye miwani akasema, "Wewe ungekuwa waziri." Na kiondo kilikuwa mapajani mwangu wakati wote huo, kizito, nimekikumbatia kama mtoto. Wewe ndiye uliyenivuta shati. Ukasema, "Mjomba, mama anangoja." Nikakuambia kula andazi lako.

Tulipofika kituoni palikuwa na maganda ya ndizi, mafuta meusi chini, na mtu anafagia. Nikamuuliza basi la Mombasa. Akaonyesha kwa ufagio.

Wewe ulilala begani mwangu tukirudi, na ulipoamka Dagoretti ukaniuliza kama tulimwona mama. Hapo ndipo nilipokutungia. Nilikwambia tulifika mapema, wewe ukiwa umesinzia, na mama akainama kutoka dirishani akakugusa paji la uso. Nikakwambia alikupungia mkono mpaka basi likapinda kona. Ukaniuliza, na kiondo? Nikasema kiondo amekuachia wewe, kiwe chako, ili ukimkosa ukishike. Nilizitoa zile nguo nikazificha chini ya kitanda changu.

Katika yote unayoyakumbuka ya siku ile, cha kweli ni andazi.

Krismasi mama yako akaja. Siku tatu kabla sikula vizuri. Aliingia tu mlangoni, ukakimbia ukachukua kiondo ukamwonyesha. "Mama, tazama, nimekitunza kile ulichoniachia!" Yeye akakitazama, akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, sina pa kwenda. Akachuchumaa, akaurekebisha mkanda wake, akakwambia, "Ndiyo. Nilikuachia wewe."

Baadaye nilimkuta akianika nguo nyuma ya nyumba. Hakupiga kelele. Alisema, "Nilivaa gauni moja wiki mbili. Naliosha jioni, nalivaa asubuhi bado bichi." Halafu akasema, "Lakini gauni si kitu. Nilikaa dirishani, Musyoka. Nilimwambia kondakta angoje, mtoto wangu anakuja na mjomba wake. Akangoja. Abiria wakaanza kupiga bati. Akangoja tena. Mpaka Athi River nilikuwa bado natazama nyuma."

Hajanitajia tena tangu siku hiyo, na mimi sijamwomba msamaha mpaka leo. Nimemnunulia vitambaa, nimemletea nyama ya ini kila anapokuja, na miaka kumi na mitatu nimekuwa nikizunguka neno moja kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yenye madirisha tu. Jioni hii nitamwomba. Nimeshamwambia Mutiso mwenye bucha nataka kutoka mapema.

Sikuandiki haya ili ukasirike, wala ili unihurumie. Nataka uchukue kile kiondo kesho ukijua kilikotoka. Mama yako hakukuachia. Alinyimwa, halafu alipokikuta mkononi mwako akakupa. Kwa hiyo ni zawadi kweli, ila alikupa siku nyingine, na kwa bei ambayo mimi ndiye niliyemlipisha.

Huko uendako watakuuliza mambo ya nyumbani, nawe utataka kuongeza kidogo. Ni damu yetu, sitakukataza, mimi nani? Kuongeza chumvi kunachangamsha watu. Nilichokiona mimi ni kwamba habari tamu inakula saa. Unapoisimulia, kuna mtu mahali fulani amekaa dirishani. Hilo tu. Silifanyi somo.

Sasa gari.

Nilikwambia, na nikaiambia Dagoretti nzima mpaka wachinjaji kule machinjioni, kwamba nitaazima gari jeusi kwa rafiki zangu wa Kitisuru na nitakupeleka Embakasi mwenyewe, nimevaa kofia ya udereva. Hakuna gari jeusi. Rafiki zangu wa Kitisuru ni mlinzi mmoja na mtunza bustani, na wote wawili wanatembea kwa miguu. Ningenyamaza mpaka kesho, ungekuwa umekaa juu ya sanduku lako saa moja, saa mbili, saa tatu, ukingoja, na mama yako pembeni akinitazama kwa yale macho ya kwenye pasi. Kumwacha mtu dirishani mara mbili katika ukoo mmoja, hapana. Hata mimi nina kipimo.

Kwa hiyo nimesema na Mutiso. Pikapu yake ya nyama itakuwa mlangoni kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yeye akiendesha. Nimeiosha mara mbili kwa sabuni ya unga na leo jioni nitaiosha mara ya tatu. Inanuka kidogo, sitakudanganya, lakini mbele hakuna damu, na mbele mtakaa wewe na mama yako. Mimi nitakaa nyuma na sanduku, nimelishika lisiteleze. Kiondo nitakibeba mimi, kama desturi. Tukifika langoni nitakupa mkononi, halafu nitapanda kwenye ile reli na mama yako. Tutasimama mpaka usionekane, na baada ya hapo tutasimama tena. Usigeuke kutafuta; tutakuwepo.

Na utajiuliza kwa nini Mutiso ndiye aendeshe na si mimi, mtu wa miaka sita usukanini. Kilonzo, Mungu amlaze pema, ndiye aliyekuwa dereva. Yule mkimya. Mimi sina leseni, Mumbua, sijawahi kuliwasha gari hata siku moja. Miaka yote ile nilikaa nyuma, nimemshika mbwa asitapike.

Mjomba wako,
Musyoka